Nati Hamsini

Dukani kwangu, kwenye meza ya kuzibia pancha
Jumapili asubuhi

Mdogo wangu Cheche,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na cherehani yako, maana najua cherehani nayo ni mtu wa nyumba hiyo. U mzima? Kile kiuno kilichokuwa kinakusumbua ukikaa sana, kimeachia? Na shemeji bado anakoroma? Mwambie nimeuliza. Sisi huku wazima. Wifi yako anakusalimu, anasema lile gauni ulilomshonea bado linamkaa, ingawa mimi nina macho na ninaviona vifungo vinavyohangaika. Mimi mwenyewe usiniulize. Nina miaka sabini na mbili na bado napanga spoki thelathini na sita za ringi bila miwani, kwa kugusa tu. Vijana wa mtaa mzima wakishindwa na ringi iliyopinda wanainua mikono, wanasema pelekeni kwa mzee. Meno yamebaki kumi na moja, lakini hayo kumi na moja yanachapa kazi.

Utashangaa kuona barua wakati simu ninayo. Ninayo, na ina chaji. Lakini kwenye simu wewe una tabia ya kunikatiza, na hili la leo nikikatizwa sitalianza tena. Naandika kwa penseli yangu ya kuwekea alama kwenye fremu. Mjukuu alitaka aniandikie, nikamfukuza. Nilisoma madarasa matatu tu, lakini tazama mwenyewe herufi zangu, zimesimama wima kama askari. Pale palipofutwa ni mkono wenye grisi, si makosa.

Sasa habari. Mbio za mji zimefanyika mwezi uliopita, na mwaka huu zilitaka kuvunjika kabla ya filimbi. Unajua desturi ya hizi mbio, wewe zaidi ya mtu yeyote. Wanaume kilometa kumi, wanazunguka mji na kumalizia uwanjani mbele ya watu. Wanawake kilometa nane, wanaanzia uwanjani, wanapita kiwanda cha mbao, wanamalizia kule kwenye tangi la maji ambako hakuna mtu ila mbuzi, halafu wanarudishwa kwa lori. Na bahasha ya mwanamke wa kwanza ni nusu ya bahasha ya mwanaume wa kwanza. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wako, ukapata nusu yako na chupa ya chai yenye maua. Ile chupa uliniachia, na ninainywea mpaka leo. Kioo cha ndani nimekibadilisha mara mbili, maua bado yapo.

Basi mwaka huu wanawake saba wamegoma kuchukua namba. Kiongozi wao ni nani? Mjukuu wetu, kitinda mimba wa mwanangu, yule uliyemwona akiwa na meno mawili tu. Sasa ana miaka kumi na tisa, anajifunza ufundi bomba, ana mikono kama yangu na mdomo kama wako. Mbio zake ni zako kabisa, Cheche. Bega la kushoto linatangulia kidogo, kama mtu anayepenya kwenye mlango. Nikimwona anapita barabarani nasahau mwaka gani huu.

Kamati ikaitisha mkutano katika darasa la shule ya msingi. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, watu wazima na heshima zao. Mwenyekiti ni yule muuza mabati, si yule wa wakati wako, huyu ni mtoto wake. Baba alipokufa mtoto alikaa kwenye kiti kile kama kiti cha sebuleni kwao. Katibu ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mama mmoja mwembamba anayekutazama kama vile umekosea kujumlisha. Mimi nilikuwepo kwa cheo changu cha mpima njia, nimevaa ile kofia yenye beji. Na ukweli nikwambie, nilikuwa nimekaa mbele.

Mjukuu akasimama akasema wanataka bahasha sawa na wanaume, wa kwanza kwa wa kwanza, wa pili kwa wa pili. Mwenyekiti akamjibu kwa upole wa mtu anayeuza, eti binti yangu, nyinyi mnakimbia nane, wenzenu kumi, sasa usawa utoke wapi? Na mimi mdomo wangu ukaniwasha, nikaongeza kwamba anayeshukia njiani halipi nauli ya safari nzima. Watu wakacheka sana. Mjukuu hakucheka. Akasema hawakuomba nane, walipewa nane, basi wapewe kumi na bahasha iwe moja. Mwenyekiti akafungua daftari la kumbukumbu, akasoma kwamba kwa miaka thelathini na moja hakuna mwanamke aliyemaliza hizo nane chini ya dakika arobaini, wakati wavulana wa shule wanazikimbia kwa thelathini na mbili. Akauliza, watu wanaochelewa hivyo kwenye nane, kwenye kumi si watafika kesho yake?

Hapo mtoto akanyoosha mkono wenye saa. Ni saa ya kisasa, inahesabu umbali, alidunduliza mwaka mzima kuinunua. Akasema saa hii imepita ile njia mara sita, na mara zote sita imesema kilometa kumi na moja.

Mwenyekiti akageuka akaniuliza mimi, maana njia ile niliipima mimi. Akasema, haya fundi, saa inasema kumi na moja, wewe unasemaje? Nikasimama, nikaweka sawa kofia, nikasema saa za plastiki ni za kuchezea, na kwamba mimi niliipima kwa ringi na kwa miguu yangu, na kibao cha duka langu kinajieleza. Unakikumbuka kibao, FUNDI ASIYEKOSEA, kwa rangi nyekundu. Wakanipigia makofi. Mkutano ukaahirishwa wiki mbili. Mjukuu alipita mbele yangu akatoka, hakuniangalia.

Hakunisemesha siku nne. Chai yangu aliniwekea, kwenye chupa ileile yako, lakini alikuwa anaiweka na kuondoka, hakai. Wewe unajua mimi na watu kukaa kimya. Bora unitukane.

Siku ya tano nilipofika dukani nikamkuta ameshafungua. Amesimama anatazama ukuta wa nyuma. Pale ukutani, juu ya ndoo ya maji ya kutafutia pancha, nilikuwa nimeandika hesabu yangu ya mwaka ule niliopima njia, kwa rangi ya fremu, 5000, na kando yake nimechora duara dogo. Kwa sababu mimi maneno mengi siandiki, nachora. Akaniuliza kwa adabu kabisa, babu, mbona duara ni dogo?

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, maana wewe ulikuwa unakimbia, hukuwa unapima. Unachukua ringi ya baiskeli, unafunga kipande cha bati kwenye spoki, ringi ikizunguka mara moja bati linagonga, ta. Unaisukuma barabarani unahesabu, ta, ta, ta. Zikifika mia, unatoa nati moja mfuko wa kulia unaitia mfuko wa kushoto, uanze tena moja. Nati hamsini zikihama zote, ni mizunguko elfu tano. Hesabu hiyo niliifanya kwa ringi ndogo, ya inchi ishirini, ya baiskeli ya mtoto. Ile ikizunguka mara moja inakula mita moja na sentimita sitini. Elfu tano ni kilometa nane kamili, wala hukosi. Lakini asubuhi ya kupima, mteja alikuja analia baiskeli ya mwanawe, nikamfungia ile ringi ndogo, nikachukua ringi kubwa iliyokuwa imening'inia, ya ishirini na nane, nikaingia nayo njiani. Na nati zangu hamsini zilezile. Ringi kubwa inakula mita mbili na ishirini. Nilikwenda nikisalimia watu njia nzima, kofia kichwani, watoto nyuma wananifuata, na nati ya mwisho ilipohama nikachimbia jiwe la kumalizia pale kwenye tangi la maji.

Mjukuu alitungua ile ringi kubwa kwenye msumari, bati bado liko kwenye spoki, imeshika kutu. Akaiweka sakafuni kando ya ringi ya ishirini. Moja inanifika kiunoni, nyingine gotini. Aliniwekea mkono begani akasema, babu, twende tukapime, mimi na wewe tu.

Tukaenda na ringi ndogo. Yeye anasukuma, mimi nahamisha nati. Nati ya hamsini ilihama mbele ya geti la kiwanda cha mbao, pale wanaporundika magogo. Tukasimama. Kutoka pale tangi la maji halionekani, Cheche. Barabara inapanda, inakata kona, inapanda tena. Mtoto akaitazama ile barabara muda mrefu, halafu akaanza kulia. Nikamwambia usilie, bahasha utapata. Akasema halii bahasha. Akauliza, bibi aliyeniachia viatu vyake, alijua? Nikamwambia hapana.

Mkutano wa pili nilikwenda bila kuvaa kofia. Niliishika mkononi. Nikasimama kwenye lile darasa nikazimwaga nati hamsini kwenye dawati la mwenyekiti, moja ikaviringika mpaka chini ya ubao, na nikawaeleza kama nilivyokueleza. Nilisema kwamba wanawake wa mji huu wamekimbia kilometa kumi na moja kwa miaka thelathini na moja, moja zaidi ya wanaume, na tumewalipa nusu kwa kuwa eti wanakimbia kidogo. Nikasema aliyepima ni mimi na aliyekosea ni mimi. Mwenyekiti alianza kucheka, akadhani nina mzaha. Alipoona sicheki akafunga mdomo. Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, kumbe kibao nacho hukosea. Nikamwachia. Ni haki yake, baiskeli yake nimeikawiza tangu mwaka jana.

Yule mwalimu wa hesabu akaenda ubaoni na chaki. Akafungua daftari la kumbukumbu mwaka wako, akasoma kwa sauti, dakika arobaini kamili. Akagawanya kwa kumi na moja. Akazidisha kwa nane. Akaandika ishirini na tisa na sekunde kidogo, akaweka chaki chini. Yeye ni wa hapahapa, anakumbuka kama mimi kwamba mwaka ule alikuja yule bwana mwenye filimbi, mchaguzi wa timu ya taifa, na kwamba alikuwa anatafuta msichana wa kukimbia nane chini ya dakika thelathini. Na kwamba alikutazama miguu yako, akasifu, halafu akatazama saa yake akasema huyu arudi kwao akajifunze kazi ya mikono.

Mjukuu akaomba neno moja. Akasema hata kama njia ingekuwa nane kweli, wangedai vilevile, kwa sababu nane haikuwa chaguo lao. Lakini sasa kwa kuwa ni kumi na moja, hata mwenye roho ngumu hana pa kujificha. Hapakupigwa kura ndefu. Mwaka huu kumi kwa kumi, njia moja, wote wanamalizia uwanjani, bahasha sawa. Mwenyekiti akaniomba kofia. Nikampa. Nilidhani itaniuma kuliko ilivyoniuma.

Na mbio zimekimbiwa. Mjukuu amekuwa wa tatu, usinune, aliyeshinda ni mama wa watoto wawili anayebeba matofali, mapafu yake si ya kawaida. Wa tatu wa wanaume na yeye waliitwa pamoja, wakapewa bahasha. Yule kijana akainyanyua yake juani, akaomba na ya mtoto akainyanyua pia, akalinganisha, akasema kweli ni pacha. Watu wakacheka, na safari hii mjukuu naye akacheka. Nikakutafuta kwa macho pale uwanjani, kama mjinga, kana kwamba ungekuwepo.

Sasa Cheche, kaa. Kama umesimama kwenye meza ya kukatia, kaa. Mpaka hapa nimekuandikia yale ambayo mji mzima unayajua. Lililobaki hajui mjukuu, hajui wifi yako. Wote wanadhani nilijua kosa langu mwezi uliopita, pamoja na mtoto, mbele ya ule ukuta.

Mimi nililijua siku ya tatu baada ya mbio zako.

Yule mteja aliirudisha baiskeli ya mwanawe, spoki imekatika. Nikaifungua ringi ndogo nikaiweka mezani, nikainua macho, nikaona ukutani duara dogo. Na mkono wangu ulikuwa bado na malengelenge ya ringi kubwa. Sikuhitaji chaki. Nilijua palepale, kama unavyojua tairi limetoboka kabla hujaliona. Na yule bwana mwenye filimbi alikuwa bado hajaondoka. Basi lake lilikuwa jioni ile. Alikuwa nyumba ya wageni ya pale sokoni.

Nilikwenda. Nakuapia nilikwenda, na ringi zote mbili mabegani. Nilifika mpaka mlangoni. Dirisha lilikuwa wazi, nikamsikia ndani na mwenyekiti wa zamani wanakunywa soda, na yule bwana anasema fundi wenu kapima vizuri, kazi safi, hata wapimaji wa serikali hawamfikii, nitamtaja kwenye ripoti. Nilisimama pale na mkono wangu umeinuliwa kugonga. Kisha nikaushusha. Sifa ile ilinifunga miguu, mdogo wangu. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, hakuna mtu mwenye suti aliyewahi kunisifu.

Nikarudi nyumbani. Nikakukuta unafunga viatu vyako vya mbio kwenye gazeti. Uliniuliza nilikuwa wapi, nikasema nimepeleka tairi kwa mteja. Halafu ukaniuliza, na swali hili nimelisikia miaka thelathini na moja kila nikizima taa ya duka, uliniuliza, kaka, mbona ile njia ilikuwa ndefu hivyo? Na mimi, niliyekulea tangu una miaka sita, niliyekufundisha kuendesha baiskeli nikikushikia tandiko, nikakujibu kwamba njia si ndefu, miguu yako ndiyo mifupi. Ukacheka. Mwezi uliofuata ukapanda basi na cherehani.

Mwaka mmoja nilijaribu kulisogeza lile jiwe. Nilikwenda alfajiri na sururu. Mwenyekiti wa zamani akaniona, akanikataza, akasema jiwe liliwekwa na fundi mwenyewe lisiguswe. Fundi mwenyewe nimesimama na sururu mkononi! Nikaliacha. Baada ya hapo kila siku ya mbio nilifunga duka nikajisingizia mgongo. Wanawake wakilalamika kwamba njia inawaua, nilisema wanawake hawaachi kulalamika. Nilisema hivyo, Cheche, kwa mdomo huu.

Sitakuambia nilikuwa na sababu. Sina. Najua umejenga maisha yako vizuri, una shemeji, una mafundi wanne chini yako, umeshona sare za nusu ya mji wenu, na mimi najisifia wewe kila siku mbele ya wateja mpaka wanachoka. Lakini hayo uliyafanya wewe. Lile lingine nililikata mimi, na nilikata nikijua.

Mwalimu wa hesabu ameandika mstari mpya kwenye daftari la kumbukumbu, kwa wino, nimesimama pembeni nikihakikisha: jina lako, kilometa kumi na moja, dakika arobaini. Hakuna mwanamke wa mji huu aliyewahi kuigusa hiyo. Wala mjukuu, na anajua, na amesema ataigusa.

Ukitaka kunijibu, nijibu. Ukitaka kukaa kimya, nitajua ni haki yako, ingawa nimekwambia kimya kinanifanya nini. Ukitaka kuja, njoo. Nitakupeleka geti la kiwanda cha mbao, pale ulipotakiwa kumaliza ukiwa na dakika ishirini na tisa, na tutatembea mimi na wewe zile kilometa tatu nilizokuongezea, mpaka kwenye tangi. Polepole, kwa magoti yangu haya. Nitabeba ile chupa ya maua, tutakunywa chai kwenye lile jiwe. Na njiani unaweza kunisema, sitakujibu hata neno, jambo ambalo hujawahi kuliona tangu uzaliwe.

Nisalimie shemeji, na wanao, na mafundi wako wote. Mjukuu anakuamkia, viatu vyako bado anavyo ingawa soli imekwisha. Wifi yako anauliza kama kitambaa cha bluu bado kipo. Kibao cha duka sijakifuta, rangi ni ghali na mimi bado ni mimi. Lakini hapa chini, kwako wewe, naandika inavyotakiwa.

Ni mimi kaka yako,
fundi aliyekosea.